Kura ya Tatu Iko Bigo

Jumanne, 2 Septemba 2025

Mvua kubwa ya kwanza imenyesha leo mchana. Naanza kuandika kwa sababu msimu huu nimekabidhiwa kitu cha kulinda, na mimi nikikabidhiwa kitu huanza kwa kujiuliza nani atakuja kukiharibu. Mama anasema nilizaliwa hivyo. Si kweli. Nilizaliwa huko Djugu katika nyumba ambayo mlango wake haukuwa na kufuli. Tabia hii niliiokota njiani, tulipokimbia mara ya pili.

Kitu chenyewe ni hiki. Hospitali yetu imeacha fishi, zile kadi za wagonjwa za karatasi. Majina ya wagonjwa, makundi yao ya damu, mifuko ya damu iliyoko kwenye friji, yote sasa yako ndani ya seva. Seva ni mbili: moja ofisini kwetu katika jengo la utawala, nyingine ng'ambo ya barabara katika jengo la uzazi. Zinaonana kwa antena mbili zilizofungwa juu ya mapaa. Moja ikianguka, nyingine inaendelea na kazi na mgonjwa hajui lolote. Wanaozitunza nao ni wawili, mimi na mwenzangu Kule.

Kule ni kijana wa Butembo. Wazazi wake walihamia hapa Bunia kwa biashara na yeye akaniletea hapa ofisini kicheko chao cha sokoni. Ni fundi mzuri, siwezi kumnyima hilo. Ananiita yaya, yaani mkubwa wake, na ananipisha mlangoni. Lakini anacheka sana, na mtu anayecheka sana mimi humtazama mara mbili.

Alhamisi, 4 Septemba

Hakuna kitu. Kule ameleta sambusa, nimekula mbili.

Jumatatu, 8 Septemba

Docteur Floribert, mkurugenzi wetu, amekuja kuuliza kwa nini kuna mashine ya tatu huko Bigo, kwenye kituo cha afya, na ndani yake hakuna hata jina la mgonjwa mmoja. Nilitaka kumweleza mimi, Kule akaniwahi.

Akamwambia kwamba seva zetu mbili zinaulizana kutwa nzima. Moja inasema: uko? Nyingine inajibu: niko. Siku moja isiposikia jibu, haiwezi kujua kama mwenzake amekufa au ni njia tu imekatika. Zote mbili zikiendelea kuandika bila kusikilizana, mfuko mmoja wa damu utaahidiwa kwa wanawake wawili. Kwa hiyo kabla ya kuendelea peke yake, seva inapaswa kwanza kuikatia mwenzake umeme, ili iwe na hakika kwamba imenyamaza kweli. Kuna waya wa zamani wa simu chini ya barabara, nao tumeuweka kwa kazi hiyo tu.

Docteur akauliza: na zikikatana zote mbili? Ndiyo maana ya ile ya Bigo, Kule akasema. Ile ni shahidi. Haina mali, ina kura tu. Seva inayopata kura ya shahidi inakuwa na mbili kati ya tatu, ina akidi, nayo ndiyo inayoruhusiwa kukata. Inayobaki na kura yake moja inanyamaza na kungoja. Na shahidi lazima akae mbali na hospitali, aongee nazo kwa mtandao wa simu, balaa la hapa lisije likamchukua naye.

Docteur alicheka, akasema ni kama kanisani kwao, mashemasi wawili wakigombana wanaitwa na mke wa mchungaji. Kule akamjibu neno ambalo nimeliandika kwa sababu lilinipendeza:

"Njo vile, Docteur. Mwenye iko na kura moja hana ruhusa ya kuua mwenzake."

Jumapili, 14 Septemba

Mvua wakati wa ibada. Bati lilipiga kelele hata mahubiri hayakusikika. Sikusikitika.

Jumanne, 16 Septemba

Mambo yameanza. Baada ya chakula upepo ulikuja kutoka upande wa Irumu, vumbi, kisha ngurumo. Antena zetu zikapotezana. Hilo si geni, upepo ukizitikisa huwa zinapotezana, na kwa kawaida shahidi anampa mmoja kura na maisha yanaendelea. Leo shahidi naye hakuwepo. Kila seva ikabaki na kura yake moja, na kila moja ikafanya kama ilivyofundishwa: ikasimama. Hospitali nzima ikakaa bila fishi hata moja mpaka mvua ilipokwisha. Kisha Bigo ikarudi yenyewe, na zote zikaamka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nilichukua pikipiki mpaka Bigo, nikafika na matope hadi magotini. Mashine iko kwenye rafu yake, taa ya kijani, safi kuliko mimi. Kituo kile kinaongozwa na Mama Bernadette, muuguzi wa siku nyingi, mtu aliyewahi kumsuta chefu wa mtaa mbele ya watu kwa sababu ya vyoo. Nilimuuliza kama umeme wao wa jua ulikatika.

"Courant haikuenda, mutoto yangu. Panneaux yetu iko muzuri."

Nikamuuliza kama kuna mtu aliyeigusa mashine.

"Nani ataigusa? Bagonjwa banaogopa ata kuiangalia."

Nimemwamini. Mama yule hasemi uongo, hana haja nao.

Ijumaa, 19 Septemba

Jua. Hakuna tatizo.

Jumatatu, 22 Septemba

Mvua. Bigo imetoweka tena, seva zimesimama tena. Nimekwenda tena, nimekuta taa ya kijani tena. Mama Bernadette amenipa chai na kuniambia ninakonda.

Jumatano, 24 Septemba

Nimekaa chini nikafikiri kama mtu anayechambua mchele.

Umeme haukukatika. Hakuna aliyeigusa. Mtandao wa simu ulikuwepo, maana motard, yule wa pikipiki aliyenirudisha, alikuwa amejikinga barazani huko huko Bigo na anasema aliongea kwa simu na mchumba wake mvua nzima. Basi mashine iliambiwa iondoke. Mtu aliingia kwa njia ya mtandao, akaitoa, mvua ilipoisha akairudisha. Na ili kuingia unahitaji neno la siri. Wenye neno la siri ni wawili, mimi na Kule. Mimi najijua kwamba si mimi. Amebaki mmoja.

Nimeipindua hesabu hii huku na huku na haina tundu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi siku hizi naiangalia nguo yangu.

Alhamisi, 25 Septemba

Nilimdokezea Mama. Nikasema, hawa watu wa Butembo, nani anajua walikuja kutafuta nini huku. Mama aliacha kuosha majani ya sombe.

"Weye unapima mutu na fasi alitoka? Siye pia balitupima vile. Njo tukakimbia."

Niliona haya. Nimeandika hapa kwamba sababu yangu si Butembo, sababu yangu ni neno la siri. Lakini Mama ananijua, na mimi pia najijua kidogo.

Jumanne, 30 Septemba

Leo nimemtega. Mawingu yalipoanza kujikusanya sikuinuka kitini. Kule akatoka, simu mkononi, akarudi mvua ikiwa inapungua. Bigo ilitoweka katikati. Nilimuuliza alikuwa wapi, akasema alipanda juu ya jengo la uzazi kukaza antena. Koti lake lilikuwa limelowa, nakubali. Hata mtu anayebonyeza simu anaweza kulowa.

Kisha akaniuliza, polepole, bila kucheka: "Yaya, na weye ulikuwa wapi?"

Kwa nini ananiuliza? Nilikuwa hapa hapa, na anajua kwamba huwa niko hapa. Mwizi ndiye anayeuliza mwenye nyumba alikuwa wapi.

Jumanne, 7 Oktoba

Nitaandika kwa mpangilio.

Leo mchana mama mmoja kutoka kambi ya waliohama alijifungua salama, kisha akaanza kuvuja damu isiyokoma. Ni mtu wa kwetu, wa upande wa Djugu, niliwahi kumwona kisimani na nguo za watoto. Wauguzi wakataka damu. Na saa ile ile upepo ulikuwa umekwisha kuja, ngurumo ilikuwa juu yetu, antena zimepotezana, Bigo haipo, seva zimesimama zote mbili.

Mifuko ilikuwepo kwenye friji. Lakini ni ipi iliyokwisha kupimwa magonjwa, na ni ipi iliyoahidiwa mtu wa upasuaji, hayo yako ndani ya seva. Mtu wa maabara ikabidi atoe mfuko mmoja mmoja, asome namba, apige simu kuulizia, arudishe, atoe mwingine. Mimi nilikuwa mbele ya skrini nyeusi. Naweza kuilazimisha seva iendelee bila akidi, najua jinsi, ni mistari michache tu. Lakini nikiilazimisha ya kwangu, na mtu mwingine ng'ambo akailazimisha ya kwake, mfuko mmoja utakwenda kwa wawili. Na mtu mwingine ng'ambo ni Kule. Ningempigia simu tukakubaliana. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Sikumpigia, kwa sababu sikumwamini, na nikaiacha skrini ikiwa nyeusi.

Damu ilipatikana. Mama yule amepona, alifika ukingoni mwa kifo na akarudishwa. Nilimwona jioni, uso wake ulikuwa wa kijivu na mtoto amelala juu ya kifua chake. Muuguzi aliyempigania alikuwa ameketi sakafuni karibu na kitanda, analia bila sauti.

Docteur alituita mimi na Kule. Hakutukaribisha viti. Aliuliza ni nani anayezima mashine ya Bigo, maana mwanamke aliyelala wodini hana kosa lolote. Mimi nilimtazama Kule, na Kule akanitazama mimi. Macho yake yalikuwa mekundu. Nimejiambia hayo ndiyo macho ya mtu mwenye hatia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kule hakunisalimu. Sikumsalimu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mvua. Seva zimesimama tena, bahati nzuri hakukuwa na mgonjwa mahututi. Kule amehamisha kiti chake. Zamani alikuwa ananipa mgongo, sasa anakaa akiiangalia skrini yangu. Mimi nimegeuza skrini.

Jumatano, 15 Oktoba

Ofisi yetu ina watu wawili na unaweza kusikia nzi. Sambusa zimekwisha.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimefanya. Leo asubuhi, Kule alipokuwa amevuka barabara kwenda jengo la uzazi, nilifuta ruhusa yake kwenye seva ya ofisini. Hataingia tena kwa njia hiyo. Nilikunywa maji, nikahisi nimepumua kwa mara ya kwanza tangu Septemba. Kesho nitafuta ile ya uzazi, kisha nitamwambia Docteur.

Jumatano, 22 Oktoba

Seva ya uzazi imenikataa. Nimeandika neno la siri mara nyingi, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Imenikataa. Kule amenifuta.

Na ameniwahi kwa akili ile ile. Jana, mimi nilipokuwa ofisini namfuta yeye, yeye alikuwa ng'ambo ananifuta mimi. Sasa kila seva ina bwana mmoja, na hakuna anayeweza kuzitunza zote mbili.

Nilitoka mbio kwenda kwa Docteur. Mlangoni nikakutana na Kule, naye amekuja mbio. Tukaingia bega kwa bega, hakunipisha.

Docteur akasema mmoja aanze. Nilianza mimi. Nikaeleza umeme, nikaeleza motard, nikaeleza neno la siri: wanaolijua ni wawili, na mimi najua si mimi. Docteur akamgeukia Kule. Kule akasema yote hayo hayo. Umeme haukukatika, hakuna aliyegusa, wanaolijua ni wawili, na yeye anajua si yeye. Hata mpangilio ulikuwa mmoja. Nilisikia maneno yangu yakitoka kinywani mwa mtu mwingine na sikuyapenda.

Docteur akafungua mkono juu ya meza.

"Clé," akasema. "Yote mbili."

Funguo zetu za vyumba vya seva amezitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wake. Mimi nyumbani, Kule nyumbani, mpaka ajue nani ni nani. Tulitoka bila kuagana.

Jumapili, 26 Oktoba

Niko nyumbani. Nimepalilia maharage ya Mama mpaka hakuna jani la kupalilia.

Alhamisi, 30 Oktoba

Dada mmoja wa mapokezi amenipigia. Jana mvua ilinyesha na mashine zilisimama kama kawaida. Mimi sikuwepo. Kule hakuwepo, ruhusa yake ya ofisini mimi mwenyewe niliifuta na ufunguo wake uko msumarini.

Mtu mwenye akili timamu hapo angesema: basi si Kule. Mimi nilikaa nikasema: basi ana njia nyingine. Nimeandika hivi ili siku nyingine nijisome.

Jumanne, 4 Novemba

Leo nimeona.

Mama aliamka na kizunguzungu, shinikizo la damu, nikampeleka Bigo kwa Mama Bernadette kwa sababu ndiye anayemsikiliza. Tulikuwa bado kwenye benchi mbingu zilipoanza kuwa nyeusi upande wa Irumu. Nilitaka tuondoke, Mama akasema tungoje, mvua ya namna hii ina hasira.

Ngurumo ya kwanza ilipiga mbali. Mama Bernadette aliinuka kutoka kwa mtoto aliyekuwa anamchanja, akaosha mikono, na akaanza kuzunguka chumba. Akachomoa redio. Akachomoa chaja za simu za wagonjwa, moja moja, na kila mmoja akarudishiwa yake. Akafunga dirisha. Akageuza kioo cha ukutani kitazame ukuta. Kisha akaenda kwenye rafu, akachomoa shahidi wetu kutoka kwenye prizi, akamfunga ndani ya kitenge cha rangi ya kahawia, akamlaza kabatini juu ya pamba na bandeji. Hakuna mtu chumbani aliyeinua kichwa. Mama yangu mwenyewe alikuwa anavua saa yake ya mkononi na kuiweka kwenye mkoba, maana radi inapenda chuma.

Na mimi pia. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuzima simu kabla sijafikiri. Tangu utotoni, ngurumo ikipiga, nyumba nzima inachomoa. Kijiji kizima kinachomoa. Ni hospitalini tu, kwenye dari za zege na fimbo ya radi juu ya paa, tunapokaa na mashine zetu zimewaka kama wazungu.

Nilimuuliza Mama Bernadette kwa nini alisema hakuna anayeigusa ile mashine.

"Hakuna mutu anaigusa," akasema, akinishangaa. "Miye ninaichunga. Radi inafwata waya, mutoto yangu. Mulinipatia kitu ya bei, niiache ku waya iungue?"

Nikamuuliza kama hufanya hivyo kila mvua. Akanitazama kama nimemuuliza kama huosha mikono. Mvua ilipokwisha alimtoa kabatini, akamfungua, akamfuta vumbi kwa ncha ya kitenge, akamrudisha kwenye prizi. Taa ya kijani ikawaka. Ndiyo maana kila nilipofika na matope yangu nilimkuta safi.

Nilitoka nje nikasimama chini ya mchirizi wa bati. Nilicheka kwanza, kisha nikalia, na Mama aliponifuata alinipa kanga yake nijifute.

Nimekumbuka neno la Kule kwa Docteur. Mashine zetu zilipoachwa kila moja na kura yake moja hazikuuana. Zilisimama, zikangoja. Sisi wenye shule na macho tulikuwa na kura moja moja vile vile, kila mtu na ushahidi wa moyo wake peke yake, nasi tukakatana siku moja. Nimemfanyia Kule jambo ambalo seva yangu ingekataa kulifanya.

Jumatano, 5 Novemba

Nimemweleza Docteur. Alicheka sana, kisha akaacha ghafla, nadhani alimkumbuka yule mama wa uzazi. Alinirudishia ufunguo wangu na kuniambia nimwite Kule aje achukue wake.

Simu ya Kule haipatikani. Nimekwenda kwao. Mkewe, Musoki, alitoka akasimama mlangoni na hakunipa kiti, na katika nyumba ile sijawahi kukosa kiti. Alisema mumewe ameondoka na lori kwenda Mahagi, kwa kaka yake Kasereka anayeuza vipuri vya pikipiki. Atarudi lini? Hajui. Nilimweleza habari ya kitenge na ngurumo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Alingoja simu yako, yaya. Siku mingi," akasema. "Kisha akapanda lori."

Ijumaa, 7 Novemba

Nimekwenda Bigo kumwomba Mama Bernadette asichomoe tena. Amekataa, na kwa sauti ambayo chefu wa mtaa anaijua. Radi haibishi hodi, anasema, na siku mashine ikiungua nitamlaumu nani?

Basi tumepatana. Nimempelekea betri ndogo, shahidi anakaa juu yake. Ngurumo ikipiga Mama Bernadette anachomoa waya wa ukutani kama alivyozoea, na mashine inaendelea kuishi kwa betri. Sharti moja tu, asiiweke kabatini. Aliuliza kama anaweza kuifunika kitenge. Nimesema upande mmoja.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua kubwa. Antena zimepotezana. Bigo imetoa kura yake, seva ya ofisini ikaipata, ikaikata ya uzazi kwa waya wa simu, ikaendelea na kazi. Watoto walizaliwa leo na hakuna aliyejua kama kuna kitu kilitokea.

Niligeuka kumwambia mtu. Kiti chake bado kiko pale alipokihamishia, kinanitazama. Nimerudisha skrini yangu mahali pake pa zamani.

Jumatatu, 17 Novemba

Kila asubuhi namwandikia neno moja tu: Uko? Linabaki na alama moja, halijafika. Barabara ya Mahagi wiki hii haipitiki na wanasema minara ya huko imezima. Au amenifungia. Au kuna kitu kimempata njiani, sitaki kuliandika hilo na nimeliandika.

Alhamisi, 20 Novemba

Docteur anataka kutangaza nafasi ya Kule. Anasema mtu asiyejibu amekwisha kujibu. Miezi miwili iliyopita maneno hayo yangekuwa yangu.

Nimemwomba angoje. Nimemwambia simsikii Kule, na hilo ndilo jambo pekee ninalolijua juu yake. Pengine ni njia. Docteur akauangalia ufunguo wa Kule kwenye msumari, akasema mpaka mwisho wa mwezi. Usiku wa leo nitalala vibaya, maana mwezi si mrefu.

Jumatatu, 24 Novemba

Uko? Alama moja.

Alhamisi, 27 Novemba

Uko? Alama moja. Mvua zinapungua. Mama anasema nimekuwa mpole kiasi cha kumtia wasiwasi.

Jumamosi, 29 Novemba

Nilikuwa naanika maharage uani simu ilipolia, ujumbe wa Kule.

"Niko."

Kisha, kabla sijakaa: "Ata siku zile zote nilikuwa pale, ku kiti yangu. Haukuniuliza kama ni miye."

Niliiweka simu juu ya gunia. Nilizunguka uani, nikabandika maji ya chai, nikayaepua hayajachemka. Nilijua atasema kitu, na nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hili sikuwa nimejiandaa nalo, kwa sababu ni kweli. Miezi yote ile niliwauliza Mama Bernadette, motard, mtandao wa simu na moyo wangu. Yeye nilimtega tu.

Nikamwandikia habari yote, ngurumo, kitenge, kabati, betri. Niliandika kwamba nimemkosea. Halafu, kwa sababu mimi bado ni mimi, nikaongeza: "Na weye haukuniuliza."

Nikaona anaandika, anaacha, anaandika.

"Njo vile, yaya."

Kisha: "Clé yangu iko wapi?"

"Iko ku musumari," nikamjibu. "Hakuna mutu aliigusa."